Ukitaka kuelewa rigi, angalia tope

Watu wengi wakiona picha ya rigi ya mafuta, yaani mtambo wa kuchimba kisima, macho yanaenda kwenye mnara na ile keekee yenye meno, wanaona kazi yote iko hapo. Mimi nawaambia angalieni tope.

Iko hivi, juu kuna mota inazungusha paipu za chuma, kila moja kama mita 9, zimekazwa moja kwa nyingine kwa hesi, na mwisho kabisa chini ndo kuna biti inayosaga mwamba. Sasa vile vipande visipoondolewa biti itabaki inasaga makombo yake yenyewe. Ndo maana pampu zinasukuma tope kwa nguvu ndani ya paipu, linachomoka kwenye matundu ya biti, linaipoza, halafu linapanda kwa nje kati ya paipu na ukuta wa shimo likiwa limebeba vipande vyote mpaka juu, huko linamwagwa kwenye chekecheke inayotikisika muda wote, vipande vinabaki juu ya wavu na tope linarudi kwenye matangi likaanze upya. Mtaalamu wa miamba anachota vile vipande, anaviosha, anavitazama kwa lenzi, na anajua kabisa anaangalia mwamba uliosagwa pengine saa nzima iliyopita maana safari ya kupanda ni ndefu.

Spindletop kule Texas, kisima kilicholipua mafuta tarehe 10 Januari 1901, mchanga ulikuwa unabomoka kila wakichimba, na inasimuliwa waliswaga ng'ombe kwenye bwawa wakanyage udongo wapate tope zito la kushikilia ukuta. Siku hizi ni udongo wa bentonaiti, na baraiti, madini mazito ya kuongeza uzito.

Uzito huo ndo roho ya kazi. Tope likiwa jepesi mno, gesi ya kwenye mwamba inaingia shimoni, likizidi uzito linapasua mwamba na kupotelea humo humo. Ndo maana wanachimba kwa hatua, wanashusha paipu pana za kukinga ukuta, wanazizungushia simenti, kisha wanaendelea na biti ndogo zaidi.

Biti ikiisha makali inabidi uvute paipu zote, na kama uko mita 3,000 hizo ni zaidi ya 300, zinatolewa tatu tatu na kusimamishwa mnarani. Mimi hapa ndo naona hatari yenyewe, kwasababu kila chuma kinachotoka kinaacha pengo na lazima tope lijazwe, na ukivuta haraka paipu inafyonza gesi kama bomba la sindano. Kwahiyo kuna mtu kazi yake ni tangi tu, anahesabu tope lililoingia kwa kila paipu zilizotoka, na likiingia pungufu ya hesabu anasimamisha kazi papo hapo, maana kuna kitu kingine kimeshaingia shimoni kikachukua nafasi yake.