Jike langu lilitoa maziwa bila mimba, na mimi nilishakula advansi ya watoto

Niseme ukweli mapema kabla hamjanicheka, aliyedanganyika wa kwanza na ile mimba sio mbwa, ni mimi mwenye mbwa.

Kashata ni chotara, German Shepherd kachanganya na mbwa wa kawaida wa mtaani, kipindi hicho ana mwaka na miezi kama miwili, hajatolewa kizazi. Mwezi wa tatu akaingia kwenye joto, mara yake ya pili, na wanaofuga huku Goba wanajua, jike akiwa kwenye joto madume ya mtaa mzima yanahamia getini kwako, yanalala pale kama yanasubiri mgao. Nikamfungia bandani karibu wiki tatu. Ila asubuhi moja nikakuta shimo limechimbwa chini ya geti, nikasema haya, imekula kwangu. Kufika jioni nikawa nimebadilisha mawazo, mbona hii ni biashara.

Mwezi wa tano mvua bado zinapiga, nikaona dalili zote. Chuchu zimevimba, hasa zile za nyuma, tumbo limeshuka, msosi anausumbua, anachimba chini ya tenki la maji kama anatafuta hela. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, nikahesabu kuanzia ile siku ya shimo nikaona bado siku chache. Nikatangaza ofisini. Jamaa mmoja wa stoo akanipa elfu hamsini palepale, advansi ya dume, nikapitia dukani nikanunua neti ya dirisha la jikoni ambayo mke wangu aliililia tangu mwaka jana. Hela ikaisha kabla sijafika nyumbani.

Siku ya 63 ikapita. Ya 66. Ya 70 hakuna mtoto ila maziwa yapo, ukimgusa tu yanadondoka. Siku hiyohiyo mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Same kutusalimia, akaanza kutafuta kandambili yake ya kushoto.

Nikaenda na tochi ya simu chini ya tenki. Kashata kajikunja kwenye gunia, na kwenye tumbo lake kuna mpira wa tenisi uliochubuka, soksi moja ya mwanangu, na ile kandambili ya bluu. Alikuwa anailamba, anaanzia kisigino anapanda taratibu mpaka kwenye mikanda, akifika juu anaigeuza kwa pua anaanza upande wa pili. Halafu anaisogeza kwenye chuchu. Nikapeleka mkono, akanikoromea. Mimi! Niliyemlea kwa uji tangu hajui hata kubweka.

Mama mkwe hakukasirika, alimhurumia. Akaniambia, "Baba Tumaini, huyo maziwa yamemjaa, mpake shubiri kwenye chuchu kama tunavyowaachisha watoto, siku mbili tu yamekauka." Sasa ukikaa ukafikiri, shubiri inamkimbiza mtoto anayenyonya, hapa mtoto ni kandambili, kandambili inasikia uchungu wapi? Lakini mama mkwe akishasema wewe ni nani. Nikakata jani, nikampaka ule utomvu wa njano chuchu zote kumi, mikono yangu michungu mpaka kesho yake nakula ugali naona shubiri. Kashata akanusa, akanitazama, akalamba yote. Saa nane usiku akatapika barazani, akaharisha barazani, akamalizia kwenye viatu vyangu vya kazini. Nimekuja kuambiwa baadaye kwamba utomvu wa shubiri ni sumu kwa mbwa. Basi usijaribu, mimi nimeshajaribu kwa niaba yako.

Asubuhi mzee wa getini akanicheka weee. "Bosi, mimi nimekulia kwenye ng'ombe, huyo anakamuliwa tu, maziwa yakitoka anapumzika." Hii ikaniingia akilini, ina sayansi ndani yake. Tukamlaza kwenye turubai, mzee anakamua, mimi nimeshika kichwa namwimbia. Na kweli alitulia, mkia unapiga turubai pa pa pa, tukajaza kifuniko cha kopo la rangi, tukapeana mikono kama madaktari bingwa. Kesho yake asubuhi chuchu zimejaa kuliko jana. Tukakamua tena. Kesho kutwa zimejaa mara mbili, na moja ya nyuma kushoto imeanza kuwa ngumu na ya moto. Mzee akasema tuongeze iwe asubuhi na jioni. Hapo ndio nikaita bajaji.

Daktari wa mifugo alimpiga ultrasaundi. Nikamuuliza ni wangapi. Akasema hakuna. Hata mmoja? "Hata nusu." Nikaiona elfu hamsini yangu inapaa kupitia dirishani, bila neti.

Alivyonieleza ni hivi, jike akitoka kwenye joto mwili wake unamwaga homoni ya mimba kwa miezi miwili hivi, awe amepandwa au hajapandwa. Ikishuka, homoni ya maziwa inapanda, na yeye anajiona amezaa. Inawapata majike wengi tu ambao hawajatolewa kizazi, sio ugonjwa wala hajalogwa. Kwa kawaida inaisha yenyewe ndani ya wiki mbili tatu kama hakuna anayemchokoza. Nikamwambia kuhusu kukamua. Akavua miwani. "Kila ukikamua mwili unaambiwa mtoto yupo, ongeza. Huyo mtoto aliyekuwa ananyonya ni wewe."

Nikamuuliza pia ile ya kwenye mtaa wetu, kwamba mwache azae mara moja yataisha, akasema hapana, anaweza kuzaa na joto linalofuata yakamrudia vilevile. Na ile ya kumchoma sindano ya uzazi wa mpango ya akina mama ndio akanikataza kabisa, inaweza kumletea usaha kwenye kizazi. Huo usaha ndio aliouogopa yeye kuliko maziwa, kwa sababu unawapata katika wiki hizihizi baada ya joto na unaua. Aliniuliza mara tatu kama Kashata anakunywa maji kupita kiasi, kama anatoa uchafu nyuma, kama amelegea. Ukiona hivyo usisubiri kesho. Halafu nikamtajia kwamba usiku ule wa shubiri nilitaka kumpa metoklopramidi ya kuzuia kutapika, nikakuta duka la dawa limefungwa, akasema ashukuriwe huyo mwenye duka maana ile dawa inapandisha homoni ya maziwa.

Kuna vidonge vya kuikata hiyo homoni, vinatolewa siku kadhaa, bei imechangamka. Akasema tusubiri wiki kwanza, chuchu zisiguswe na mtu wala na ulimi wake, na ile ngumu ikizidi kuwa nyekundu au akipata homa nimrudishe siku hiyohiyo.

Sasa ulimi wa Kashata unauzuiaje? Ile koni ya plastiki ya shingoni ilidumu dakika kumi, akaipasulia kwenye nguzo ya tenki. Nikachukua fulana ya michezo ya Tumaini, miguu ya mbele nikaipitisha kwenye mikono, upande wa mbele wa fulana ukakaa tumboni, pindo la nyuma nikalivuta juu ya mgongo nikalifunga fundo na mpira wa nywele wa mke wangu. Siku ya kwanza nilivuta chini mno akaikojolea, ya pili nikapandisha kidogo ikakaa. Mbwa anatembea uani na namba 7 mgongoni. Tumaini alilia siku nzima, fulana yake, lakini kulamba kukaisha, na hii koni ya elfu ishirini na kitu nilinunua bure.

Wale watoto wake wa bandia nao nilikosea mwanzo, nilivinyang'anya vyote kwa mpigo, akalia usiku kucha mpaka jirani akapiga simu, akachimba chini ya tenki mpaka likainama. Nikavirudisha. Nikabadilisha mbinu, matembezi mara mbili kwa siku, marefu, tunaelekea njia ya Madale mpaka ulimi unaning'inia, na akiwa njiani na mimi mke wangu anaondoa kimoja. Kwanza soksi, hakustuka. Siku mbili baadaye mpira, akautafuta dakika tano akalala. Kandambili ilikuwa ya mwisho, na siku ilipoondoka alinusa gunia, akanusa tena, akaja barazani kuomba chakula.

Wiki ya tatu maziwa yamekauka, ile chuchu ngumu imelainika yenyewe. Nilitaka atolewe kizazi siku hiyohiyo, daktari akakataa, akitolewa maziwa yakiwa bado yanacheza yanaweza kung'ang'ania. Tukafanya mwezi wa nane, laki na themanini hivi, sikumbuki vizuri maana na bajaji zilikuwemo.

Kandambili niliifua kwa sabuni nikampelekea mama mkwe kwa mikono miwili. Akaipokea, akaigeuza, akanirudishia. "Mwachie mwenyewe mtoto wake."

Jamaa wa stoo nimemlipa thelathini, bado ishirini. Kila tukikutana kantini ananiuliza kwa sauti, watu wote wasikie, kama dume lake limeshafumbua macho.