Kashata tumemfanyia sadaka ya samaki

Paka wetu Kashata ametutoka Jumatano alfajiri na mpaka leo mlango wa daka ukigongwa kidogo na upepo nainuka, nadhani ni yeye anataka kuingia. Miaka 14 jamani. Alikuja kwetu 2011 wakati wa Maulidi, mji umejaa wageni, marehemu baba akamtoa mtaroni kule Langoni akamleta nyumbani ndani ya kofia yake, kadogo kama ndimu, rangi ile ya kashata ya nazi iliyoungua pembeni, na jina likaja hapo hapo.

Paka wa Lamu mnawajua, miguu mirefu shingo ndefu, watu husema wamefanana na wale waliochorwa Misri ya kale, na kweli Kashata akikaa wima ukutani ungedhani amechongwa. Pahali pake palikuwa birikani. Nyumba zetu hizi za mawe birika la maji huwekwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, sasa yeye kila baada ya alasiri anapanda pale juu, anawatizama, ncha ya mkia inacheza, anatia ukucha mmoja majini anautoa mbio mbio anaukung'uta. Kila siku hivo hivo na hakuwahi kumshika hata mmoja.

Mwaka jana akaanza kukonda, ukimpapasa mgongo unahesabu mifupa, na maji akawa anakunywa kupita kiasi, hapo hapo birikani, ila samaki hana habari nao tena. Daktari wa mifugo akaniambia ni figo, paka wengi wakizeeka ndizo huchoka, na dalili zikionekana huwa sehemu kubwa ya figo ishakwenda. Kama una paka mzee na umeona anashinda kwenye maji usingoje kama nilivongoja mimi, mpeleke. Tukamwachisha ng'onda na kila cha chumvi, nikawa namchemshia samaki mweupe mtupu na mchuzi wake mwingi, akatupa miezi saba mingine alhamdulillahi.

Tulimzika siku ile ile, Wiyoni kwa ami yangu, chini ya mkwaju. Tulimkunja kwa kipande cha kikoi cha baba, ami akachimba futi tatu hivi kwa sababu mchanga wetu ni mwepesi na kunguru hawana haya. Tukarudi nyumbani kimya. Usiku mwanangu, ana miaka 8, akaniuliza, mama khitma ya Kashata ni lini? Nikakwama. Yeye alikuwepo ya babu yake, aliona watu wamejaa, aliona juzuu zikigawanywa, kwake yeye mtu wa nyumbani akiondoka ndivo inavokuwa.

Kesho yake nikenda kwa maalim wake wa chuo cha Kurani, na nilikuwa naona haya wallahi, lakini hakucheka. Alisema mnyama hasaliwi wala hasomewi khitma, hana dhambi ya kuombewa msamaha, lakini kuhuzunika hakuna aliyekukatazeni. Akanikumbusha ile hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachilia ale wadudu wa ardhini, na ile ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu, kwamba kila chenye ini bichi, yaani kila kiumbe hai, kukitendea wema kuna ujira. Akasema Abu Huraira, yule sahaba wa Mtume, jina lenyewe maana yake ni baba wa kipaka. Kisha akaniambia, kama mwataka kumkumbuka walisheni wenzake.

Basi Ijumaa baada ya alasiri ndio tukafanya. Nilipomwambia jirani akasema watu wana njaa nyinyi mwalisha paka. Liliniuma lile neno lakini ni neno la haki, so tukaongeza, bibi akaagiza mikate ya mofa tukaipeleka na samaki wa kupaka kwa wachukuzi pale jeti, hao wanabeba mizigo toka asubuhi. Halafu tukaingia mitaani na ndoo mbili, dagaa wabichi na vichwa vya changu, tukaanzia mlangoni kwetu Mkomani mpaka kule sokoni karibu na ngome. Mwanangu ndiye aliyekuwa anaweka juu ya vipande vya jani la mgomba, kila paka na chake. Kuna mmoja wa jicho moja, dume, alichukua kichwa cha changu kikubwa kumshinda akakiburura mpaka chini ya miguu ya punda aliyebeba mchanga, punda akasimama tu, akangoja, mwenye punda anasukuma na yeye hatoki mpaka paka amepita.

Watoto wa mtaa wakatufuata, nikashangaa kila mmoja ana stori yake ya Kashata, kumbe alikuwa analala duka la mshonaji mchana kutwa, kumbe kuna nyumba ya pili ilikuwa inampa maziwa na wao wanamwita Sultani. Mama wa nyumba hiyo alilia barazani kwetu, hatukuwa tukijuana vizuri, tukakaa naye tukanywa kahawa chungu na halua mpaka magharibi ikaadhiniwa. Bibi akamwita mwanangu, ndoo hapa mwana wangu, akamwekea mkono kichwani akamwambia paka wako alikuwa na watu. Hakusema zaidi, na yule mtoto ndio akalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Kibakuli chake nimekiacha pale pale ukutani mwa birika, hakuna aliyethubutu kukiondoa. Leo baada ya alasiri nilikuwa nateka maji ya udhu, nikaona visamaki vimepanda juu kabisa, vyote, vinazunguka pale pale alipokuwa akitia ukucha.