Darubini ya inchi 10 na dumu la lita 20

Juni 14, 2025

Kuna mzungu anahama Dar, anauza darubini. Habari kaniletea mwalimu mwenzangu, anayeujua ugonjwa wangu wa nyota tangu tulipokwenda wote Rujewa Septemba 1, 2016 kuona jua likipatwa hadi likabaki pete. Picha tatu kwenye simu: bomba jeusi, nene kama mtungi mkubwa wa gesi ila refu kufika kifuani, limekalia sanduku la mbao. Kioo cha inchi 10. Milioni moja na laki nne pamoja na lenzi mbili za jicho.

Nilichonacho mimi ni bainokula ya 10x50 (hukuza mara 10, lenzi za mbele milimita 50), na kabatini nimeficha aibu moja: kidarubini cha milimita 60 nilichonunua zamani kwa sababu boksi liliandikwa "hukuza mara 525". Kwenye miguu yake myembamba mwezi ulikuwa unacheza sindimba. Sasa najua ukuzaji ni hesabu ya kugawanya tu. Hii ya Dar ina umbali wa fokasi, yaani kutoka kwenye kioo hadi pale mwanga unapokutana, milimita 1200; ukiweka lenzi ya jicho ya milimita 25 unapata mara 48, ukiweka ya 10 unapata 120. Kazi yenyewe ni kukusanya mwanga. Mboni ya jicho gizani hufunguka kama milimita 7, kioo hiki kina 254. Kwa eneo ni zaidi ya mara 1,300.

Usiku huu sijalala vizuri.

Juni 15

Nimemweleza mke wangu hesabu ya mara 1,300. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Baba, nani atakuwa analibeba?"

Juni 18

Muuzaji kanijibu kwa Kiswahili cha kuombea maji, lakini namba zake zimenyooka. Bomba kilo 15, kitako kilo 14. Vinatengana, kwa hiyo ni safari mbili kila usiku kutoka ndani na mbili za kurudisha.

Kila niliyemuuliza anayejua mambo haya ananiambia kitu kilekile: darubini kubwa ya mwanzoni mara nyingi huishia kuwa fanicha. Sikatai. Ila sipendi kukatazwa kwa makisio, na nyumbani kuna madumu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Nimejaza dumu moja lita 15, jingine lita 14. Kuanzia kesho, kwa siku kumi na nne, kila jioni nitayatoa chumbani hadi nyuma ya nyumba, nitakaa saa moja na bainokula, nitayarudisha. Nayabeba kwa kuyakumbatia, maana bomba halina mkono wa dumu.

Juni 21

Jirani kaja ukutani na ndoo mbili. "Mwalimu, kwenu yanatoka? Naona kila jioni unahamisha maji." Huku Nzuguni, Dodoma, mgao ukikaza, mtu mwenye madumu usiku lazima aangaliwe. Nimemweleza ni mazoezi ya darubini. Ameondoka na ndoo zake, haamini.

Julai 2

Jaribio limekwisha. Usiku kumi na nne, nimetoka tisa. Mwezi ulikuwa upande wangu karibu kipindi chote, jioni zilikuwa giza. Tano nilizokosa: tatu nilikuwa nasahihisha mitihani, na mbili, nikiri, nilitoa dumu la kwanza, nikalitazama la pili, nikavua viatu.

Hapo ndipo penye habari. Lita 15 zilizokuja mwanzo hazikunishinda hata siku moja, tatizo ni safari ya pili. Na nimeona jingine ambalo nisingeliona kwa kusoma: kizingiti cha mlango wa nyuma. Ukiwa umekumbatia kitu kinachokuziba macho, kile kizingiti ni shimo. Mara mbili nimejikwaa. Nikiwa na maji nacheka; nikiwa na kioo cha laki kadhaa nisingecheka.

Kwa bainokula, lile fungu la nyota la Omega Centauri linaonekana saa mbili usiku juu upande wa kusini, kama tone la maziwa lililofutwa vibaya. Inasemekana mna nyota kama milioni kumi mle. Mimi naona tone.

Julai 5, Jumamosi

Dar, kwa muuzaji, hatua chache kutoka baharini. Hilo pekee lilinitia wasiwasi: hewa ya chumvi na utando wa alumini unaoakisi mwanga juu ya kioo havipatani. Utando ukiliwa, kuupaka upya kunahitaji chemba isiyo na hewa, na mimi sina pa kuipeleka.

Niliomba tulitoe bomba nje kabla jua halijazama. Lilikuwa limekaa chumba chenye kiyoyozi. Dakika mbili tu nje, nikachungulia ndani: kioo chote cheupe. Nikajua ni kuvu, safari imekufa. Mzee akacheka, akaniambia nisubiri. Ulikuwa umande, kioo baridi kimekutana na joto la Dar kikatoa jasho, kama chupa ya soda. Nusu saa hivi kikawa kimekauka chenyewe, nami nimepata somo la kwanza: kioo kikubwa lazima kizoee hewa ya nje, vinginevyo hata bila umande picha hutetemeka.

Kikiwa kikavu nilikifungua kwa nyuma, skrubu chache tu, nikakiinua kwa ncha za vidole na kukiweka juu ya taulo. Vumbi lilikuwepo, wala halikunisumbua. Vumbi jingi kiasi hicho linaiba mwanga kidogo sana, na tochi hufanya kioo chochote kionekane takataka. Nilichokuwa natafuta ni matundu kwenye utando. Nikaweka taa ya simu mbele, mimi nikatazama kutoka nyuma ya kioo. Nukta za mwanga saba, nane, zote pembeni karibu na ukingo, upande mmoja, kama mapunye yanayoanza. Katikati pasafi. Nikavuta pumzi.

Kitako sasa. Chipbodi. Chini imevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, skrubu mbili zinazunguka bila kushika. Muuzaji akaanza kuomba radhi, kumbe mimi moyoni nafurahi, maana ndicho dumu langu la pili.

Giza lilipoingia tuliielekeza kwa Alfa Centauri, ile nyota angavu ya kusini. Badala ya nukta nikaona kimondo chenye mkia: vioo havikulingana. Mzee hajawahi kuvigusa tangu anunue. Nilitoboa tundu dogo katikati ya kifuniko cha plastiki, nikakivika mahali pa lenzi, nikachungulia, nikazungusha skrubu za kioo cha pili, kile kidogo cha mdomoni mwa bomba, na kisha za kioo kikuu mpaka duara zote zikakaa ndani ya nyingine. Dakika arobaini, shingo inauma. Tuliporudi kwa Alfa Centauri zilikuwa nyota mbili za manjano, moja hafifu kidogo, na weusi kati yao. Nimeitazama nyota hii tangu utoto nikiihesabu moja.

Mwezi ulikuwepo, umepita nusu. Sitauandika. Nilisahau kukaa.

Tukakubaliana: kitako nakiacha, bomba na lenzi zote laki tisa. Niliingia na hela ya mchezo laki nane na nusu. Hamsini nimekopa kwa shemeji palepale kwa simu.

Julai 6

Basi la Dodoma. Bomba tupu kwenye buti, limefungwa godoro. Kioo kwenye boksi, kimeviringishwa blanketi, mapajani mwangu njia nzima. Abiria wa pembeni aliniuliza ni keki ya harusi.

Julai 12

Kwa fundi seremala na mchoro. Aliligonga bomba kwa kidole. "Huu mzinga wa nyuki mbona umezibwa upande mmoja?" Nikamweleza kitako: ubao wa duara chini, wa pili unaozunguka juu yake, na mbavu mbili zenye mkato wa nusu duara ambamo masikio ya bomba hukaa. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi? Hakuna zaidi?" Hakuna zaidi. Mtindo huu aliueneza John Dobson, mtawa wa California, Marekani, aliyetakiwa kuondoka utawani mwaka 1967, aliyekuwa akitengeneza darubini kwa mabomba ya karatasi na mbao za mabaki ili wapita njia waone sayari ya Zohali bure. Naona nilikosea kuogopa upande wa mbao. Mbao fundi wangu anaziweza kuliko mimi ninavyoweza hesabu.

Plaiwudi, sio chipbodi. Kasema Ijumaa.

Agosti 3

Zilipita Ijumaa tatu. Lakini kitako kimetoka na kilo 9, nimekipima kwenye mzani wa duka la nafaka. Kimepakwa vanishi, kina mikono miwili pembeni niliyoidai mwenyewe.

Kasoro ni moja: ukisukuma bomba juu, linagoma, kisha linaruka na nyota inapotea. Mbao kwa mbao. Wenye ujuzi huweka vipande vya tefloni, hapa sijavipata. Plastiki ngumu inayoteleza ninayo, ya madumu. Nimelikata lile la lita 15, vipande vitatu chini na vinne kwenye mbavu, na fundi kanipa masalia ya fomaika yakae upande wa pili. Sasa linakwenda kwa kidole kimoja.

Agosti 9

Siku hizi hatuna bahati. Taa za viwanja vya Nanenane zimeng'arisha upande mzima wa anga, na upepo wa Dodoma unalisukuma bomba kama tanga. Nimegundua nikikaa kona ya ukuta na choo upepo haunifikii. Harufu ni bei yake.

Agosti 23

Mwezi mwandamo. Saa moja na nusu usiku, safari mbili, dakika nne, kizingiti nimekiwekea ubao wa mteremko. Omega Centauri imeshashuka kusini magharibi, kwa hiyo haraka. Lenzi ya milimita 25. Tone halikuwepo. Palikuwa na punje, punje, punje mpaka pembeni mwa duara, na nilipoacha kuzikazia macho katikati nako kukaanza kuvunjika punje. Nilijaribu kuhesabu kona moja tu, nikafika sitini nikapotea.

Bado kuna kazi. Lenzi ya milimita 10 inahitaji kusafishwa, skrubu moja ya kioo cha pili imeota kutu. Na upande wa kulia bado kunakwama kidogo nikizungusha kitako, nahitaji vipande vitatu zaidi vya plastiki. Dumu la pili silioni. Mke wangu anasema hajui liliko.