Peni ya Dhahabu ya Mfalme Henry III

Septemba 2021, mtu mmoja aliyekuwa akipita shambani na kifaa cha kutambua metali huko Hemyock, katika jimbo la Devon nchini Uingereza, aliokota sarafu ndogo ya dhahabu isiyofika gramu 3. Januari 2022 iliuzwa mnadani London kwa pauni 648,000. Bei hiyo ni kubwa mno, lakini mimi hunivuta zaidi sababu ya uadimu wake, kwa kuwa zinazojulikana duniani ni nane tu hivi.

Ilifuliwa mwaka 1257 na William wa Gloucester, sonara wa Mfalme Henry III. Peni za fedha, sarafu za kawaida za Uingereza wakati huo, zilikuwa na uso wa mfalme peke yake. Hapa ameketi mzimamzima kwenye kiti cha enzi kilichonakshiwa, ana ndevu, fimbo ya kifalme imo mkono wa kulia na tufe mkono wa kushoto. Upande wa pili upo msalaba unaofika hadi ukingoni, waridi moja katika kila pembe, na jina la William limeizunguka. Nikitazama picha yake huona fahari ya mfalme aliyetaka kuwa sawa na Florence na Genoa, miji ya Italia iliyoanza kutoa sarafu za dhahabu mwaka 1252.

Dhahabu yenyewe Henry alikuwa ameikusanya kwa miaka, baadhi yake ikiwa dinari za nchi za Kiislamu, akikusudia kwenda kwenye vita vya msalaba. Safari hiyo hakuifanya. Mwaka 1257 alihitaji kugharimia vita huko Wales, na hazina yake ikaanza kugeuzwa sarafu.

Tatizo lilikuwa bei. Mfalme aliamuru kila moja ihesabiwe sawa na peni 20 za fedha, kiasi ambacho kibarua angekitolea jasho kwa siku kumi au zaidi. Novemba mwaka huohuo wakuu wa jiji la London walimweleza waziwazi kwamba wako maskini wengi ambao mali yao yote haifikii thamani ya sarafu moja, na kwamba dhahabu ikimwagwa sokoni namna ile bei yake itashuka. Naona walikuwa na haki, hasa katika hoja ya kwanza, maana pesa ya kununulia mkate haiwezi kuwa kubwa kuliko mkate wa wiki nzima. Henry hakuifuta sarafu yake, ila alikubali kwamba hakuna atakayelazimishwa kuipokea, na asiyeitaka aende kuibadilisha apewe peni 19 na nusu.

Baadaye mambo yaligeuka. Dhahabu ilipanda, na kufikia mwaka 1265 sarafu hiyo ilihesabiwa peni 24. Kwa kuwa dhahabu iliyomo ilizidi bei iliyotangazwa mwanzoni, aliyekuwa nayo alipata faida kwa kuiyeyusha kuliko kuitumia, na ndivyo karibu zote zilivyoishia tanurini.

Uingereza haikufua tena sarafu ya dhahabu hadi mwaka 1344, chini ya Edward III. Ile nayo ilikosewa bei, safari hii kwa kuzidishwa, na iliondolewa sokoni kabla mwaka haujaisha.