Kuvutana bei kwa Kiingereza: maneno ninayoyategemea

Kilichonikwamua ni kuacha kutafuta tafsiri ya "nipunguzie". Kauli ya kutendea haipo katika Kiingereza, na ukilazimisha unapata "reduce me" au "reduce for me": muuzaji ataelewa, ila mwenye lugha hasemi hivyo. Yeye humwambia muuzaji mwenyewe ashuke: "Can you come down a bit?" Muuzaji naye akiona dau lako dogo atakutaka upande: "Can you come up a bit?"

Angalia kinachofuata baada ya "come down", maana hapo ndipo hesabu huharibika. Tuseme kitu kinauzwa 100. "I can come down by 20" maana yake utalipa 80. "I can come down to 80" ni bei ileile, lakini safari hii imetajwa namba ya kulipa, si ya kupunguza. Mazungumzo yakienda kasi, "by" na "to" hazisikiki sawasawa, kwa hiyo mimi hurudia jumla kwa sauti: "So that's 80 in total?" Usipotaka kuhangaika na vineno hivyo, tumia "knock off": "Could you knock 20 off?" Hapo 20 ni ya kukatwa tu, haina maana nyingine.

Kuuliza bei ya mwisho, wengi wetu husema "last price". Inaeleweka, lakini "What's the best you can do?" humwachia muuzaji nafasi ya kushuka tena. Unapotaja dau lako, "Would you take 80 for it?" ni laini kuliko "I'll give you 80". Laini zaidi ni "I was thinking more like 80". Ile "was" haizungumzii jana. Ni adabu tu, kama "nilikuwa naomba" yetu.

Vitenzi vyenyewe havibadilishani nafasi ovyo. "Haggle" ni kuvutana bei, huyu akitaja hii na yule akitaja ile: "haggle with the seller over the price". Lina harufu ya ubahili kidogo, hivyo silitumii ninapozungumza na mwajiri. Mshahara, kodi ya nyumba na mkataba huenda na "negotiate", nalo hupokea kitu moja kwa moja: "negotiate a price". Hiyo "ti" ya katikati hutamkwa "sh": nigoushieit. "Barter" ni mali kwa mali, bila fedha, ingawa hata baadhi ya wenye lugha hulikosea. "Bargain" ndilo lenye vituko. Kama kitenzi ni kupatana bei, kama nomino mara nyingi ni kitu cha bei ya kutupa, hata kama bei ilibandikwa na hamkuzungumza neno. Na "more than I bargained for" ni kukutwa na usiyoyatarajia.

Kwenye mshahara mimi hufungua kwa "Is there any flexibility on the salary?", halafu "I was hoping for something closer to…" na namba. Baada ya namba nanyamaza. Ukiongeza maelezo ya haraka haraka, unajishusha mwenyewe kabla hujajibiwa.

Matangazo ya vitu vilivyotumika yana vifupisho vyake. ONO (Uingereza) na OBO (Marekani) maana yake maelewano yapo. "Firm" ni bei haipungui. "No lowballs" ni onyo: usilete dau la kumkera muuzaji.

Kufunga: "Let's split the difference" ni katikati kamili. Yeye 100, wewe 80, mnaishia 90. "Meet me halfway" ni legevu zaidi, huenda ikaishia 92 au 88. Mkikubaliana, "Call it 90", kisha "Deal" au "Done". Kama unataka uongezewe kitu bure, uliza kabla ya neno hilo: "Could you throw in the charger?" Ukishasema "Deal" ndipo udai chaja, utaonekana unafumua mapatano.