Maziwa sio barakoa jamani

Msimu wa kupuliza mikorosho ndo huu, ukipita Newala au Tandahimba alfajiri unasikia mabomba ya injini yananguruma kila upande na vumbi la njano limetanda juu ya miti, maana salfa, ile dawa ya unga ya ukungu wa mikorosho, inataka umande ili igande kwenye maua na upepo uwe haujaamka. Sasa muangalie kibarua mwenyewe: kandambili mguuni, usoni kafunga kipande cha kanga, na tajiri anamwambia usijali, ukimaliza maziwa yapo, yatakusafisha kifua.

Hayo maziwa ndo yananikera. Salfa unaivuta kwa pua inaenda kwenye mapafu, maziwa yanashuka tumboni, sasa vitakutana wapi? Watu wanakohoa mpaka usiku wanasema "leo maziwa yalikuwa kidogo". Hela ya maziwa ya msimu mzima si ingenunua barakoa ya maana na miwani ya kuziba macho, na sheria ya usalama mahali pa kazi ya 2003 inamtaka mwajiri ndo atoe vifaa, sio kibarua ajitafutie. Halafu wengine wanapuliza na sigara mdomoni! Salfa inashika moto nyie, na moshi wake unakaba koo kuliko hilo vumbi.

Ila mie naogopa zaidi dawa za maji, zile za mbu wa mikorosho (wadudu wanaofyonza machipukizi, sio mbu wa malaria), kwa sababu zenyewe zinapenya mpaka kwenye ngozi na mtu anakoroga kwa mkono mtupu kwenye ndoo ya kuogea. Pale unapochanganya ndo dawa kali kuliko wakati wowote, haijapata maji bado, kwa hiyo glavu vaa hapo hapo, usisubiri kupuliza. Angalia na ule mstari wa rangi chini ya lebo, nyekundu ndo sumu kali kabisa, kijani ina nafuu. Ikimwagikia mtu vua nguo uoshe kwa maji mengi na sabuni, akimeza msiende kutafuta ng'ombe, kimbizeni hospitali na chupa yake daktari aisome.

Chupa tupu suuza mara 3, maji yake rudisha kwenye bomba, halafu itoboe. Itoboe kweli, maana huku kwetu chupa nzima haitupwi, mabibo yakiiva utaikuta kilabuni ina uraka, pombe ya mabibo hayo hayo.