Ukuta ulichelewa

Wiki ya tatu hii tangu turudi kutoka Couva, Trinidad, na maneno manne niliyoyasema kwa kinywa changu mwenyewe yamekataa kunitoka. Naosha vyombo, yanakuja. Nahesabu vidonge kazini, yanakuja, inabidi nianze kuhesabu upya. Nimeona niyaandike hapa, labda yatapata pa kukaa.

Mliozoea kupita hapa mnajua mwanangu Kidagaa alivyoihangaikia CARIFTA, mashindano ya kuogelea ya watoto na vijana wa Karibiani. Miezi minane ya kuamka saa kumi na moja alfajiri, nywele zimekuwa kama katani kwa klorini, na ule muda wa kufuzu aliupata jaribio la tatu, siku ambayo mimi nilikuwa zamu na nikaambiwa kwa simu. Pasaka ikafika, tukaenda. Kutoka hapa kwetu Grenada, Trinidad ni hapo tu, ndege haimalizi hata saa moja hewani, lakini nauli ya watu wawili ilimeza mshahara wangu wa mwezi na kitu juu.

Bwawa la Couva lina mita 50. Letu la hapa nyumbani, analofanyia mazoezi, lina mita 25. Hilo nilikuwa nalijua kwa kusikia, sikuwa nimeliona kwa macho. Tulipoingia jioni ya kuamkia mashindano, Kidagaa alisimama ukingoni akatazama ng'ambo, akaniuliza kama kule mbele ni bwawa jingine. Nikamwambia hapana, ni hilohilo. Akasema, "Haya."

Siku yake ilikuwa mita 100, mtindo wa kifua. Alianza vizuri. Kile kikofia cha kijani kilikuwa kinapanda na kushuka sawa na vya wenzake, tena yuko mbele ya wawili. Akafika katikati. Pale katikati ndipo ukuta ulipo, tangu alipojua kuogelea mpaka leo, na nilimwona kwa macho yangu akiinua kichwa kuliko kawaida, anautafuta. Mikono ikakosa pigo moja, likafuata la pili. Wenzake wakampita kushoto na kulia. Akaendelea, akageuka, akarudi, na alipogusa alikuwa wa mwisho, sekunde saba nyuma ya muda wake wa nyumbani.

Akanijia na taulo kichwani. Akasema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa tu:

"Mama, ukuta ulichelewa."

Nami nikamjibu:

"Mbona kwa wenzio haukuchelewa?"

Ndiyo hayo. Hakulia, hakununa. Alinitazama kidogo, akasema "Eeh," akaenda kutafuta maji ya kunywa. Ana miaka kumi na moja.

Nimeyageuza kila upande. Ningenyamaza nikamfuta nywele. Ningecheka naye, maana ukuta uliochelewa ndilo neno zuri kuliko yote niliyoyasikia mwaka huu. Ningemwambia ukweli, kwamba mtoto wa bwawa fupi huogelea kutoka ukuta hadi ukuta: katika mita 100 anageuka mara tatu, na kila akigeuka anajisukuma kwa miguu, anateleza chini ya maji, mikono inapata pumzi. Kwenye bwawa refu anageuka mara moja tu, na zile nafuu mbili nyingine inabidi azilipie kwa mabega. Hayo yote nilikuwa nayajua. Kocha alishatueleza wazazi. Lakini nilichotoa ni yale.

Halafu aliyemtia majini ni mimi. Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi, nilikuwa bado nyumbani Unguja, na wale tuliowangoja bandarini sitawaandika leo. Niliapa wakati ule kwamba nikijaaliwa mtoto, ataogelea kabla ya kusoma. Mimi mwenyewe hadi leo hata kuelea sijui. Nimezaliwa kisiwani, nimeolewa kisiwani, na bahari naijua kwa kuitazama. Na si mimi tu. Kwa wakwe zangu Gouyave, mji wa wavuvi, wapo wazee waliokwenda baharini kila siku kwa miaka arubaini na hawajui kupiga mkono, sawasawa na wavuvi wetu. Watu wakisikia kisiwa hudhani watoto wanazaliwa na mapezi. Bahari ni ya kazi na ya kuogopa. Kuogelea kwa kushindana na saa ni jambo jingine kabisa, linataka pampu, chujio, klorini, umeme usiokatika, na mtu wa kusimama ukingoni saa kumi na moja na nusu alfajiri bila mshahara, kama anavyosimama kocha wetu kabla ya kwenda kazini kwake.

Gouyave hiyohiyo ndiyo iliyomtoa Kirani James, dhahabu ya mita 400 London 2012, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Grenada. Kila mtoto pale anajua kukimbia, na barabara haidai klorini. Sisemi kwa wivu, nilipiga vigelegele kama wote. Nasema tu kwamba mtoto wa mbio akitoka hapa kwenda kushindana nje, anakuta uwanja wa mita 400 kama ule aliouacha nyumbani. Wangu alikuta kitu ambacho mwili wake haujawahi kukigusa.

Pale Couva, mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu alinisikia nikimjibu mtoto. Nadhani alinihurumia mimi zaidi kuliko yeye. Akainama akanisimulia habari za Anthony Nesty wa Suriname, ambazo nilizijua, lakini nikamwacha asimulie. Olimpiki ya Seoul, 1988, mita 100 kipepeo. Matt Biondi wa Marekani anaongoza hadi karibu na ukuta, anaukuta uko mbali kidogo kuliko alivyokisia, anateleza badala ya kupiga pigo jingine. Nesty anagusa kwa 53.00, Biondi 53.01. Na Suriname nzima wakati ule ilikuwa na bwawa moja tu la mita 50. "Kwa hiyo, bibie," akasema, "hata wakubwa ukuta huwachelewesha."

Alinifariji, na nimeishi na maneno yake wiki hizi karibu sawa na yale yangu. Ila kuna kipande hakukisema. Nesty alipelekwa Florida angali kijana, na akabaki Marekani. Leo ni kocha wa Chuo Kikuu cha Florida, na Paris 2024 ndiye aliyeongoza timu ya wanaume ya Marekani. Alia Atkinson wa Jamaika, aliyechukua ubingwa wa dunia wa bwawa fupi Doha 2014, mwanamke mweusi wa kwanza kufika hapo, naye alinolewa Florida. George Bovell wa Trinidad, shaba ya Athens 2004, chuo alisomea Marekani. Nawapenda wote. Lakini kila hadithi ya ushindi wa kuogelea huku ina sanduku la safari ndani yake, na mama aliyebaki uwanja wa ndege. Wasioondoka hubaki wakigombea ile nafasi ya mmoja wa kike na mmoja wa kiume wanayopewa nchi ambazo hazina mwogeleaji aliyefikia muda wa Olimpiki. Wazazi wenzangu wanaipigia hesabu tangu watoto wana miaka tisa. Mimi sitaki kuipigia hesabu. Nataka mwanangu alale kwangu mpaka akue, na nataka pia aogelee. Sijui ni nani aliyeamua kwamba hayo mawili yasikae pamoja.

Wiki hii nimethibitishwa kazini, wifi yangu amejifungua mapacha na Baba Kidagaa amerudi kutoka kisiwa cha Carriacou salama. Hayo nitayaandika vizuri siku nyingine.

Jumamosi kocha alituita ufukweni Grand Anse, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya watalii. Alikuja na kamba ya mita 50 aliyoipima barabarani kwa futi ya fundi, na maboya mawili ya wavuvi. Akayatega sambamba na ufukwe, mahali maji yanapomfika mtu mzima kifuani. Boya la mbali likawa linazungushwa na mkondo, akaomba mzazi mmoja aingie alishike. Wazazi tulikuwa wawili, na mwenzangu ana mguu wenye bandeji.

Nikaingia. Na nguo zangu. Maji yalikuwa ya baridi mpaka kiunoni, kisha kifuani, na nilisoma kila nilichokijua. Nikashika boya kwa mikono miwili.

Kidagaa akaja. Mtindo wa kifua una sheria, mikono miwili iguse ukuta kwa wakati mmoja, la sivyo unaondolewa. Ukuta haukuwepo, nilikuwepo mimi. Akanigusa tumboni kwa viganja viwili, pamoja, sawa kabisa, akatoa kichwa majini, akasema:

"Thelathini na moja."

"Thelathini na moja nini?"

"Mapigo. Si uliniuliza?"

Sikumwelewa. Akavua miwani akanieleza polepole. Siku ile Couva, nilipomuuliza mbona kwa wenzio haukuchelewa, alikwenda akamuuliza msichana wa Bahamas, pale penye maji ya kunywa. Msichana akamwambia yeye hautafuti ukuta, anahesabu mapigo, wake ni ishirini na sita, ukifika ishirini na nne unajua umekaribia. "Kwa hiyo kwao hauchelewi kwa sababu wanajua unakuja saa ngapi," akasema. "Mimi nilikuwa sijui namba yangu."

Wiki tatu najichapa kwa swali, na mwanangu alilichukua kama swali, akaenda kulitafutia jibu. Nilimwambia hata hivyo anisamehe, kwamba sikuliuliza kwa wema. Akaniambia, "Najua, Mama," kisha akarudi. Kurudi ilikuwa ishirini na saba, kwa sababu ya mkondo. Alikwenda na kurudi mara nane, na kila akifika ananigusa tumboni na kutaja namba, nami naishika kichwani ili tukaiandike nyumbani. Tumeibandika kwenye mlango wa friji. Sijapata usingizi mzuri kama wa Jumamosi ile tangu mwezi wa tatu.

Ila kuna mshelisheli wa nyuma ya nyumba. Umeanza kulala upande wa tangi la maji, na mvua hizi zimelainisha udongo. Msimu wa vimbunga unafunguliwa Juni mosi, na baada ya Beryl wa 2024 hakuna mtu hapa anayeuchukulia mti mzito kwa mzaha. Fundi wa msumeno aliahidi Jumanne. Leo Alhamisi. Mzizi mmoja umeinuka; asubuhi niliinama nikapitisha vidole vinne chini yake, na vikaingia vyote.